SOMO LA WIKI: Punje za korosho na mlango wa stesheni

Msomaji wa safu hii aliyeko Nambambo, Nachingwea, anaweza kujiuliza stesheni inamhusu nini wakati treni ya mwisho iliondoka mwaka 1962. Reli ile ilijengwa na Waingereza kwa ajili ya mradi wa karanga. Mradi ukavunjwa mwaka 1951, karanga zilizotarajiwa hazikupatikana, na reli ikafungwa baadaye kwa kukosa mzigo. Lakini reli ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay imekuwamo katika mipango ya serikali, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Palipo na stesheni pana fremu na vibanda vya kupangisha, na wapo wanaotoa fedha zao wakiamini kwamba karibu na mlango ndiko kwenye biashara.

Tuanze na hesabu. Kila upana wa mita 1 hupitisha takribani watu 1.3 kwa sekunde, wakitembea bila kusukumana. Kwa hiyo mlango wa sentimeta 80 hupitisha mtu 1 kwa sekunde, yaani 60 kwa dakika. Treni ikishusha abiria 600 na mlango ni huo mmoja, wa mwisho atatoka baada ya dakika 10. Meza ya machungwa ikila nusu ya mlango, dakika 10 zinakuwa 20, na mwenye gunia hapiti kabisa.

Hesabu hiyo haionyeshi watu wanavyogombana. Ndiyo maana wataalamu huigiza mwendo wa watu kwa kompyuta kabla zege halijamwagwa. Mwaka 1995 Dirk Helbing na Péter Molnár walimchukulia kila mtu kama anayevutwa na anakokwenda na kusukumwa na walio karibu naye pamoja na kuta. Mwaka 2001 wataalamu wengine wa Ujerumani walirahisisha: sakafu ikagawanywa miraba ya sentimeta 40 kwa 40, kila mraba mtu mmoja.

Njia hii ya pili unaweza kuifanya nyumbani. Chukua daftari la hesabu, zungushia miraba 20 kwa 20, acha mlango wa miraba 2 upande mmoja. Tawanya punje 60 za korosho. Kila zamu, kila punje isogee mraba mmoja kuelekea mlangoni kama mraba huo ni mtupu. Mbili zikigombea mraba mmoja, rusha sarafu. Hesabu zamu hadi chumba kiwe tupu. Rudia mara 10, maana sarafu haitabiriki, kisha andika wastani na pia ile mara iliyokuwa mbaya kuliko zote. Sasa weka kibanda chako, kizibo cha soda kinatosha, mbele ya mlango, urudie. Halafu kisogeze pembeni. Mchezo huu hautakupa dakika za kweli. Kazi yake ni kulinganisha mpango mmoja na mwingine.

Ukitaka kuigiza watu wenye pupa, weka sharti kwamba wagombanao, nusu ya mara zote, wanakwama wote wawili. Utaona chumba kinachelewa kuwa kitupu. Helbing na wenzake walilionyesha jambo hili mwaka 2000: kila mtu akizidisha haraka, wote wanachelewa. Mwenye duka anayemimina mchele kwenye faneli anajua punje zinavyojifunga zenyewe kama upinde.

Kasoro ninayoiona katika vipimo vya Ulaya ni mzigo. Kule abiria ana mkoba. Abiria wetu ana gunia kichwani, mtoto mgongoni na ndoo mkononi, na mchukuzi anakuja kinyume chake akitafuta mteja. Kwenye daftari lako mpe huyo miraba 2 au 3, utapata jibu jingine kabisa.

Gharama ya kukosea si muda peke yake. Januari 12, 2006, mahujaji zaidi ya 340 walikufa kwenye msongamano penye daraja la Jamarat, Mina. Picha za video zilichambuliwa na wataalamu, daraja jipya la ghorofa 5 likajengwa, wanaoingia wakatenganishwa na wanaotoka. Hata hivyo mwaka 2015 maafa yakatokea tena Mina, safari hii barabarani, mbali na daraja. Ukipanua shingo moja, kagua na inayofuata.

Turudi kwenye fremu. Anayesukumwa hanunui, hata akitaka, hawezi kusimama. Wanunuzi ni wale waliosimama: anayengoja treni, msindikizaji, mpokeaji anayechungulia behewa. Hao hukaa pembeni, kivulini, mahali penye kuona mlango bila kuuziba. Kibanda cha mlangoni kina hatari nyingine: siku msimamizi atakapoona foleni, ndicho kitakachoondolewa kwanza, na kodi ya miezi 6 uliyotanguliza utaanza kuidai ukiwa nje. Kabla ya kulipa, simama hapo saa nzima treni inapofika, hesabu wanaopita na wanaosimama, kila kundi katika safu yake ya daftari.