Miruko mitatu ya kipofu

1. Katika mchezo wa miruko mitatu, mtu hukimbia kwa nguvu, kisha huruka mara tatu bila kusimama. Akiruka kwa mguu wa kuume, hukanyaga kwa mguu ule ule wa kuume. Mara ya pili hukanyaga kwa mguu wa kushoto. Mara ya tatu huanguka mchangani kwa miguu yote miwili. Ndipo wapimaji hupima urefu.

2. Vipofu nao hushindana katika mchezo huu. Wote hufunikwa macho, maana wengine huona mwanga kidogo, na haifai mmoja awapite wenzake kwa sababu hiyo. Basi, asiyeona ataijuaje njia? Ana wasaidizi wawili. Wa kwanza humsimamisha penye mwanzo wa njia na kumwelekeza sawasawa. Wa pili husimama mbele, karibu na mahali pa kurukia, akipiga makofi na kuita. Kipofu huifuata sauti hiyo, huku akihesabu hatua zake. Tena hawekewi ubao mwembamba. Hutengenezewa mahali papana pa metri 1, penye unga mweupe. Alama ya mguu wake huonekana katika unga, na kipimo huanzia hapo.

3. Li Duan ni mtu wa China. Katika ujana wake alicheza mpira wa kikapu. Kisha ajali ikampofusha. Hakukata tamaa, bali alijifunza kukimbia na kuruka gizani. Mwaka 2004, mjini Athens, katika Michezo ya Paralimpiki, ndiyo michezo ya walemavu wa mataifa yote, alipata medali ya dhahabu. Mwaka 2008, mjini Beijing, alishinda tena: metri 13 na sentimetri 71. Pimeni urefu huo katika uwanja wa shule, nanyi mtastaajabu.

4. Kipofu akikimbia, watazamaji wote hunyamaza. Wakipiga kelele, sauti ya msaidizi hupotea, naye kipofu aweza kupotoka na kuumia. Hata wanaompenda sana huzuia furaha yao mpaka aguse mchanga. Kumbe, watoto, kunyamaza nako ni kumsaidia mwenzako.

Maulizo
1. Kwa nini vipofu wote hufunikwa macho?
2. Unga mweupe ni wa kazi gani?
3. Watazamaji humsaidiaje kipofu?