STIMA YA KUJITEGEMEA: JE, JENERETA NGAPI ZATOSHA?

Wako wanaodai kwamba Kiswahili ni cha taarabu na mashairi tu, mambo ya mitambo hakiyawezi. Basi leo nimeonelea tujifunze jambo la ufundi kwa lugha yetu wenyewe, tuone kama kweli.

Kituo cha data ni nini? Ni jengo lililojaa kompyuta zisizozimwa usiku wala mchana. Pesa za simu, kumbukumbu za benki na za hospitali, zote hukaa humo. Hapa Mombasa vituo hivi vipo, maana nyaya za intaneti zipitazo chini ya bahari hutua kwetu. TEAMS na SEACOM zilifika mwaka 2009. Vituo vikubwa vya ng'ambo hula megawati 100 na zaidi. Linganisha na Kipevu III, hapa kwetu Changamwe: ilijengwa kutoa megawati 120. Kituo kimoja cha namna hiyo chaweza kuimeza karibu yote!

Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu Kenya nzima. Katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, jenereta ya baadhi ya majengo ya abiria ilikataa kuwaka, wasafiri wakakaa gizani. Kumbe kuwa na jenereta si kuwa na stima. Basi mwenye kujitengenezea stima kwa injini za gesi azingatie mambo manne.

Kwanza, idadi. Tuseme kituo chahitaji megawati 20, na twataka injini mbili za akiba: moja ikiwa kwa fundi, nyingine ikiharibika ghafla. Tukinunua injini za megawati 10, twahitaji nne, yaani megawati 40. Tukinunua za megawati 5, twahitaji sita, yaani megawati 30 tu. Ndiyo maana Kipevu III, iliyoanza kazi 2011, ina injini saba badala ya moja kubwa.

Sasa hesabu ya bahati. Tuchukue kwamba kila injini huwa mbovu siku 1 kati ya 20. Ukiwa na nne bila akiba, zote zitakuwa nzima kwa 0.95 × 0.95 × 0.95 × 0.95, yaani 0.81. Siku 19 hivi katika kila 100 utapungukiwa! Ukiwa na sita, utapungukiwa siku 2 hivi katika 1000.

Pili, betri. Injini haiwaki kufumba na kufumbua, na ya gesi haipendi kubebeshwa mzigo wote kwa mpigo. Hupandishiwa kidogo kidogo. Kompyuta nazo hazingoji hata sekunde moja. Betri ndizo zinazoshika mzigo mpaka injini zitulie.

Tatu, gesi yenyewe. Hapa ndipo wengi hujidanganya. Ile hesabu yetu ni kweli ikiwa kila injini yaugua ugonjwa wake. Lakini kama zote sita zanyonya bomba moja, bomba likikatika zote hufa pamoja, na akiba yako ni bure. Kwa hivyo kuwe na matangi ya akiba, na injini zinazoweza kuchoma gesi na dizeli pia. Tanzania gesi ya Songo Songo hufika Dar es Salaam kwa bomba tangu 2004. Mwaka 2021 Kenya na Tanzania zilikubaliana kuleta bomba hadi Mombasa, ila bado halijajengwa. Kwetu gesi huja kwa meli.

Nne, majirani. Mjini Memphis, Marekani, kampuni ya xAI ilianza mwaka 2024 kuendesha kituo chake kwa mitambo ya gesi iliyowekwa papo hapo. Wakaazi wakalalamikia hewa wanayovuta. Gesi haina masizi kama mafuta mazito, lakini moshi wake hauonekani na bado waweza kudhuru kifua. Siku kituo kama hicho kikija bara, Miritini au Kisauni, wenye kompyuta watakuwa mbali. Sisi ndio tutakaolala karibu na injini. Tukiielewa hesabu yao, tutajua la kuuliza kwenye baraza.

Maswali ya kujipima:
1. Kituo chahitaji megawati 12, injini ni za megawati 3, akiba ni mbili. Zinunuliwe ngapi?
2. Kwa nini injini sita zenye bomba moja si salama?
3. Ungemuuliza nini mwenye kituo kabla hajajenga karibu na kwenu?