SOMO LETU: FARAJA WAKATI WA DHORUBA

Soma kwanza: Matendo ya Mitume 27:9 hadi 28:6



Sisi wa Nyantakara hatuoni ziwa kutoka mashambani mwetu, lakini dhoruba tunazijua. Mvua hukatika mahindi yakiwa bado machanga. Migomba hupatwa na mnyauko. Mtoto hushikwa na homa usiku, na hospitali iko mbali. Msiba huingia katika nyumba ambayo juzi tu ilikuwa na furaha. Ndipo mtu huuliza, "Mungu yuko wapi?" Basi na tuifuate safari ya Mtume Paulo alipokuwa akipelekwa Rumi hali ni mfungwa, tuone alipata wapi faraja.

1. Dhoruba humpata hata mtumishi wa Mungu

Paulo hakuwa akimkimbia Mungu kama Yona. Bwana mwenyewe alikuwa amemwambia kwamba atamshuhudia huko Rumi (Matendo 23:11). Hata hivyo upepo wa Eurakilo uliishukia meli yao. Wala haikuwa mara ya kwanza. Katika 2 Wakorintho 11:25 alikuwa amekwisha kuandika kwamba alivunjikiwa na chombo mara tatu. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba mwenye imani hapatwi na shida, tusimsadiki.

Tena tuangalie jambo hili: Paulo alionya mapema kwamba safari ile ina hatari, lakini akida Yulio aliwasikiliza zaidi nahodha na mwenye meli. Sisi wa Mkoa wa Kagera twaikumbuka MV Bukoba, iliyozama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ilipokuwa ikikaribia Mwanza. Ilikuwa imechukua watu kupita kiasi chake. Walikufa mamia, na wengine wao wamelala katika makaburi ya Igoma, Mwanza. Si haki kusema tu, "Ni mapenzi ya Mungu," kisha tukanyamaza. Imani hutufundisha kusali, lakini haitufundishi kujaza chombo kupita kiasi, wala kumweka mgonjwa nyumbani mpaka azidiwe.

2. Faraja huja kabla ya utulivu

Siku nyingi hawakuona jua wala nyota, hata tumaini la kuokoka likawatoka. Ndipo Paulo akasimama kati yao akawatia moyo. Upepo ulikuwa ungali ukivuma. Alimtaja Mungu anayemwabudu, akasema kwamba yeye ni mali ya Mungu huyo (27:23). Hapo ndipo faraja yake ilipoanzia. Hakujua bado watatua kisiwa gani, lakini alijua yeye ni wa nani.

Usiku wa 14 mabaharia walitupa nanga nne, wakatamani kuche. Nanga haiondoi dhoruba. Kazi yake ni kukizuia chombo kisitupwe miambani gizani. Sala ya jioni pamoja na watoto, Zaburi inayosomwa hata moyo ukiwa mkavu, Meza ya Bwana, na ndugu wa kusali naye, hizo ni nanga zetu. Tusingoje dhoruba ndipo tuanze kuzitafuta.

Kulipokaribia kupambazuka, Paulo alitwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya watu wote 276, akaanza kula. Nao wakachangamka, wakala. Aliyeelemewa na huzuni husahau hata chakula. Mara nyingine faraja ya kwanza tunayoweza kumpelekea mfiwa ni kikombe cha uji, kisha tukae naye kimya.

3. Ahadi haikuwa juu ya meli

Meli ilivunjika. Ngano ilikuwa imekwisha kutupwa baharini. Watu walifika pwani, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao. Mungu aliahidi uhai wao, hakuahidi mali.

Lakini hapa tuseme kweli. Katika meli ya Paulo hakupotea hata mtu mmoja. Katika MV Bukoba walipotea wengi, na hatuna sababu ya kudhani kwamba wao hawakumwita Bwana. Je, imani yao ilikuwa ndogo? Hasha! Ahadi ile ilitolewa kwa safari ile. Paulo mwenyewe, kwa mapokeo ya Kanisa, baadaye aliuawa huko Rumi kwa ajili ya imani. Ahadi isiyobadilika kwa kila safari ni ile aliyoiandika katika Warumi 8:38-39, kwamba hata mauti haiwezi kututenga na upendo wa Mungu. Aliye wa Kristo akizama, hazami nje ya mikono yake Kristo.

4. Moto wa Melita

Walipofika kisiwani Melita, ndiyo Malta ya leo, mvua ilikuwa ikinyesha na kulikuwa na baridi. Wenyeji waliwasha moto wakawakaribisha wote, bila kuuliza kwanza ni nani mfungwa na ni nani askari. Jirani zetu wa Ngara wanaelewa maneno haya. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja tu, wakapiga kambi Benaco. Miti ilikatwa kwa kuni, maji yakawa haba. Ukarimu una gharama, na waliolipa gharama ile ni watu wa kawaida kama sisi.

Paulo naye aliokota kuni. Nyoka alipomwuma mkononi, watu wale wale wakarimu wakasema kwamba bila shaka ni mwuaji. Walikosea. Hata sisi, matangani, twaweza kuleta kuni kwa mkono mmoja na hukumu kwa mkono wa pili: "Alikuwa na dhambi ya siri," au, "Hakuwa na imani." Bwana Yesu alikataa mawazo hayo alipowataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu (Luka 13:4). Tulete kuni, hukumu tumwachie Mungu.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani au katika kikundi

1. Nanga zako nne ni zipi?
2. Ni maneno gani yaliwahi kukufariji katika msiba, na yapi yalikuumiza?
3. Ni nani kijijini mwetu anayehitaji moto wa Melita juma hili?

Sala

Ee Mungu, uliyekuwa pamoja na mtumishi wako Paulo usiku wa dhoruba, uwakumbuke wote wasioona jua wala nyota. Uwape kujua ya kuwa wao ni wako. Nasi utufanye wepesi wa kuwasha moto na wazito wa kuhukumu, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.