Kuutambua Mchikichi

Ndugu Makatibu, mwanachama aliyeuziwa mti wa pambo kwa jina la mchikichi hupoteza miaka mitatu au zaidi akingoja mawese. Hapa Kyela hakuna udhuru, michikichi imetuzunguka. Kabla chama hakijalipia miche, mwuzaji na aonyeshe mti mama.

Kikonyo cha kuti la mchikichi kina miiba pembeni. Cha mnazi ni laini. Vijani vyake hutoka pande mbalimbali, kuti likaonekana limetimka. Shina hubaki na visiki vya makuti ya zamani. Miti kadhaa ya mapambo ina shina laini na shingo ya kijani.

Mkindu ndio udanganyao, maana nao una miiba. Tazameni mkunjo: vijani vya mkindu hukunjwa kama mfereji, vya mchikichi kama paa la nyumba.