Kufundisha Usabunishaji katika Shule ya Msingi

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kumkagua mwanachuo aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya msingi, si mbali na Tunduma. Somo lake la sabuni lilikuwa limekwisha fanyika majuma matatu kabla, na miche ilikuwa imepangwa dirishani, myeupe na migumu. Maandalio yake ya somo yalikuwa safi. Kasoro ilikuwa moja: watoto wawili waliopewa sabuni hiyo kuoshea vyombo walikuwa wamechubuka vidole.

Mwanachuo huyo hakuwa mzembe. Alifuata karatasi aliyoinakili kwa mwenzake wa Tanga, iliyosema kila kilo moja ya mafuta itiwe gramu 180 za kostiki soda. Karatasi haikusema mafuta gani. Huko ilikoandikwa, mafuta yaliyokusudiwa ni ya nazi. Yeye alitumia ya alizeti, yaliyokamuliwa Mbozi. Nalieleza kosa hili kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna maana yote ya usabunishaji.

Usabunishaji, au saponifikesheni, jina litokanalo na neno la Kilatini sapo, yaani sabuni, ni tendo la mafuta kuvunjwa na alkali yakazaa vitu viwili vipya: sabuni na gliserini. Mfaransa Michel Eugène Chevreul alilibainisha jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1823. Kabla yake watu walipika sabuni kwa karne nyingi pasipo kujua kilichotokea chunguni. Watoto wengi hudhani kwamba sabuni ni mchanganyiko tu, kama maji ya chumvi. Yafaa dhana hiyo iondolewe mapema. Maji ya chumvi yakikaushwa, chumvi hurudi. Sabuni ikikaushwa, hayarudi mafuta wala hairudi kostiki.

Sasa tuitazame hesabu. Molekyuli moja ya mafuta ni mfano wa kiumbe chenye mikono mitatu iliyoshikwa pamoja na gliserini. Ili kuibandua mikono hiyo, kila mkono wahitaji molekyuli moja ya alkali. Kwa hiyo molekyuli moja ya mafuta hutumia tatu za alkali, wala haipokei ya nne. Mikono ya mafuta ya nazi kwa wingi ni mifupi, ya alizeti ni mirefu. Hapa nawashauri mwache chaki, mchukue maharage. Pimeni kilo moja ya maharage madogo na kilo moja ya maharage makubwa, kisha watoto wahesabu punje za konzi moja ya kila aina. Uzito wa kilo ni ule ule, lakini madogo yana punje nyingi zaidi. Ndivyo kilo ya mafuta ya nazi ilivyo na molekyuli nyingi kuliko kilo ya alizeti, na ndiyo maana hudai alkali nyingi zaidi.

Kwa vipimo, kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 183 za kostiki soda. Mawese, kama yale ya Kyela, gramu 141. Alizeti, gramu 135. Mwanachuo wetu alitia 180 palipohitajika 135. Gramu 45 zilikosa mafuta ya kuvunja, zikabaki ndani ya mche zikisubiri mafuta mengine, nazo ziliyapata katika ngozi ya watoto. Ule ugumu wa miche, yenye kumeguka kama chaki, ulikuwa dalili ya maradhi, naye aliuhesabu kuwa sifa.

Hatukuitupa sabuni ile. Darasa la Sita lilipewa swali: ikiwa gramu 135 hutosha kilo moja, gramu 180 zatosha mafuta kiasi gani? Jibu lilikuwa gramu 1,333. Tukaongeza mafuta gramu 400, ili pawe na ziada kidogo ya mafuta wala si ya kostiki, tukaiyeyusha upya. Sijapata kuona somo la uwiano lililosikilizwa kwa makini kama lile.

Ziada hiyo ya mafuta iwe desturi yenu tangu mwanzo. Kwa nusu kilo ya alizeti, badala ya gramu 67 au 68 tieni 64. Pimeni kwa mizani, kijiko hakifai. Kostiki itiwe na mwalimu mwenyewe, watoto wakisimama mbali, nayo ndiyo imiminwe katika maji, kamwe maji yasimiminwe juu yake, kwani huchemka na kuruka. Msitumie sufuria ya alumini. Kostiki huila na kutoa gesi iwakayo. Ikimrukia mtoto jichoni, lioshwe kwa maji mengi, muda mrefu, kisha apelekwe zahanati bila kungoja kengele.

Mtaulizwa kuhusu magadi, maana kila mtoto ameyaona nyumbani katika chungu cha maharage. Magadi nayo ni alkali, lakini ni dhaifu, hayavunji mafuta kwa urahisi. Wala msikubali majina hayo mawili yachanganywe, kwani atakayezoea kuita kostiki magadi siku moja ataitia katika mboga. Kuonyesha kwamba vyote viwili ni alkali, pakeni karatasi bizari ya manjano: kwa magadi hugeuka nyekundu, na mwalimu akidondosha tone moja la kostiki iliyozimuliwa kwa maji mengi, hugeuka vivyo hivyo. Mtoto aliyefua shati lenye doa la mchuzi ameliona jambo hilo. Lakini bizari isiwe hakimu wa sabuni, kwa kuwa hata sabuni njema huigeuza nyekundu.

Sabuni ya alizeti huwa laini. Palipo na ng'ombe wengi, kama bondeni Momba, mafuta ya ng'ombe yaweza kuchanganywa nayo ili igande vizuri, kila fungu likikokotolewa kwa kipimo chake. Katika baridi ya Juni na Julai huchelewa kushika, na walimu wageni hushawishika kuongeza kostiki. Wasiongeze. Wakoroge, wafunike kwa gunia, kisha miche ikae majuma manne kabla mtoto yeyote hajanawa nayo.