Kompyuta ya Nyumbani Ikidhoofika

Kompyuta ikiwa yachelewa kuwaka au yajizima bila ya sababu, usifanye haraka ya kununua diski mpya kabla ya kuyahakiki haya:

1. Nakili kwanza picha na nyaraka zako katika diski ya nje, kwani diski iliyokwisha kudhoofika yaweza kufa katikati ya uchunguzi, na hapana kosa lililowaliza watu wengi kama kutaka kuitengeneza kabla ya kuisalimisha amana iliyomo.
2. Tega sikio: diski ikigonga tak-tak mfululizo, izime papo hapo, na ikiwa yaliyomo ni azizi kwako, mpelekee fundi wa kuokoa data.
3. Usiifungue diski wala usiitie katika friji, ajapokushauri nani. Chembe ya vumbi yatosha kuiangamiza.
4. Chomoa umeme, kisha ukaze waya wa data. Huenda umelegea tu.
5. Soma taarifa ya SMART, yaani ripoti ya afya ya diski. Sekta mbovu zikizidi, ibadili.
6. Pima kabla ya kununua: diski ya kompyuta ya mezani aghalabu ni inchi 3.5, ya mpakato 2.5.
7. Ukijaaliwa uwezo, chagua SSD, yaani diski isiyo na sehemu zinazozunguka, hata kwa kompyuta kongwe.