MIIBA YA KIRUSI CHA MDONDO

Katika kata ya Bigwa, chini ya Milima ya Uluguru, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Tanzania, kuku wa kienyeji ni akiba ya nyumba. Huuzwa ili zipatikane fedha za madaftari au dawa, na huchinjwa mgeni afikapo. Adui mkubwa wa akiba hiyo ni mdondo, uitwao pia kideri. Ukiingia katika banda lisilochanjwa, waweza kuua kuku tisa kati ya kumi kwa muda mfupi. Makala haya yanaeleza jinsi kirusi cha mdondo kinavyoingia mwilini, na kwa nini tone moja la chanjo laweza kukizuia.

Umbo la kirusi

Kirusi cha mdondo kina upana wa nanomita 100 hadi 500. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Basi hutakiwa virusi 2,000 hadi 10,000 vikipangwa mstari mmoja ili kutimiza milimita moja. Ndani yake mna uzi wa urithi, na nje umezungukwa na utando wa mafuta. Katika utando huo huchomoza miiba ya protini ya aina mbili, ambayo wataalamu wameipa alama za HN na F.

Kazi ya miiba

Mwiba wa HN hushika. Hunasa sukari iitwayo asidi ya siali, iliyo juu ya seli za kuku. Baadaye hufanya kazi ya pili: huikata sukari hiyo ili virusi vipya viachane na seli, vikashambulie nyingine.

Mwiba wa F hufungua njia. HN ikisha kushika, F hujikunjua na kuchoma utando wa seli, kisha hujikunja na kuvuta tando mbili hadi zikawa moja. Uzi wa urithi huingia, na seli hulazimika kutengeneza virusi.

Siri ya ukali

Mwiba wa F hauwezi kufanya kazi mpaka kwanza ukatwe, mahali maalumu, na kimeng'enya cha kuku mwenyewe. Hapo ndipo virusi vipole na vikali hutofautiana. Katika virusi vipole, mahali hapo pana asidi amino chache za aina ya ajinini na laisini. Hukatwa na vimeng'enya vya njia ya hewa na vya matumbo tu. Katika virusi vikali asidi hizo ni nyingi, hata kimeng'enya furini, kilichomo katika seli za karibu viungo vyote, huweza kukata. Hivyo kirusi huenea mwili mzima mpaka ubongoni. Kuku huharisha kijani, hupinda shingo, hupooza na kufa.

Faida ya chanjo

Chanjo ya I-2, iliyotokana na kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ni kirusi hai kilicho kipole. Hapa nchini hutengenezwa na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania. Miiba yake hufanana vya kutosha na ile ya kirusi kikali, hivyo mwili hujifunza kutengeneza kingamwili ziishikazo. Mwiba ulioshikwa na kingamwili hauwezi kunasa wala kufungua. Tena chanjo hii hustahimili joto kuliko nyingi nyingine, jambo lenye manufaa makubwa kwa vijiji vya milimani visivyo na jokofu.

Mfugaji azingatie haya:

1. Kila kuku, hata kifaranga, apewe tone moja katika jicho moja.

2. Chanjo irudiwe kila baada ya miezi mitatu au minne, kwa kuwa kingamwili hupungua.

3. Wachanjwe kuku wazima, kabla ya ugonjwa kuingia. Kinga huhitaji takriban wiki mbili kujengeka, na chanjo haimponyi aliyekwisha kuugua.

4. Kuku wageni watengwe kwanza, na mizoga ichomwe au ifukiwe.

Mdondo hauna dawa ya kuutibu. Kinga yake ni kuiwahi miiba kabla haijashika.